Mbona Leo Uliingia

Zala hakuwa mwepesi wa kusema uongo, na hata siku ile uongo wenyewe alioutoa ulikuwa dhaifu. Alimwambia mama yake anakwenda kwa shoga yake kumsaidia kukanda mikate ya Pasaka. Mama yake, Rezka, alikuwa mezani tangu kungali giza, akipanga kikapu cha kupeleka kanisani kubarikiwa: paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, mayai yaliyotiwa rangi nyekundu, na ule mzizi mkali ambao ukiukuna tu machozi yanakutoka. Akainua macho akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni. Miguuni Zala alikuwa amevaa viatu vigumu vya skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji.

"Siku hizi mikate inakandwa kwa miguu," mama yake alisema.

Uso wa Zala ukawaka. Rezka akarudi kwenye kikapu chake, akafunga fundo la kitambaa cheupe, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akamwambia bila kumtazama kwamba baba yake bado amelala, na kwamba padre anabariki vikapu mchana, awahi kurudi. Hakumuuliza anakwenda na nani. Mwaka mzima jina la huyo mtu lilikuwa halitajwi ndani ya nyumba ile.

Klemen alikuwa anamngoja nyuma ya kiwanda cha mbao, taa za gari amezizima, kama walivyozoea. Zala alipoingia tu, akamshika mikono akaipuliza kuipasha moto, kidole kimoja kimoja, na wote wawili hawakusema kitu mpaka gari lilipoacha nyumba ya mwisho ya kijiji. Mapenzi yao yalikuwa yameshazoea kunong'ona.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani Klemen alikuwa akila mezani kwao kila Jumapili. Baba yake Zala, Mzee Lovro, alikuwa mkuu wa kikosi cha kujitolea cha kuokoa watu milimani, na Klemen ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake kipenzi. Kila alichokijua kuhusu theluji alikitoa mdomoni mwa mzee yule. Na Mzee Lovro alikuwa na sheria zake mbili ambazo hata watoto wa bonde lile walizijua. Ya kwanza, mtu ambaye damu yake iko chini ya theluji haongozi uokoaji. Anamkabidhi mwenzake redio ya mawasiliano na anakaa pembeni. Ya pili ilihusu Korongo la Mhunzi, ule ufa mwembamba wa theluji unaopanda wima katikati ya kuta mbili za mwamba. Juu kabisa pana jiwe lililochongoka linaloitwa Jino. Jua likishalivuka Jino na kumwagika korongoni, haingii mtu, awe wa kupita awe wa kuokoa, mpaka kivuli kirudi jioni. Theluji iliyolainika kwenye mteremko ule huachia yote kwa mara moja, na haichagui.

Mwaka uliopita, Jumamosi ya Pasaka kama hii, Jaka, kaka yake Zala, alichelewa kushuka. Theluji ya korongo ikaachia, ikamchukua. Kikosi kilipofika, Mzee Lovro akaitii sheria yake ya kwanza: akavua redio shingoni, akamvisha Klemen. Na Klemen akaitii ile ya pili. Akawasimamisha watu wote kwenye jiwe kubwa lililo chini ya korongo, wakasubiri kivuli. Kifaa alichovaa Jaka kifuani, kile kinachotoa ishara ili mtu aliyefukiwa atafutwe, kilikuwa kinasikika kwenye vifaa vyao wakiwa palepale walipo. Kililia asubuhi, kikalia adhuhuri, kikalia alasiri. Mzee Lovro alijaribu kwenda, akashikwa. Akasema, "Niacheni, huyo ni wangu," na maneno hayo wanaume walikuja kuyasimulia vilabuni kwa sauti ya chini.

Tangu kikosi kifike, siku ile nzima korongo halikuangusha hata kokoto. Kivuli kiliporudi wakaingia, wakamkuta Jaka amefukiwa mahali pasipo na kina. Daktari alipoulizwa amekufa saa ngapi, alisema angeomba asijibu.

Baada ya mazishi Mzee Lovro alitundika koti lake la kazi, lile la rangi ya chungwa, kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakulivaa tena. Akamwambia binti yake kwamba anaweza kumletea mkwe yeyote anayemtaka, awe kilema, awe mlevi, hata awe mtoza ushuru, atampokea. Ila yule, hapana.

Na sasa Zala alikuwa anapanda Korongo la Mhunzi nyuma ya yule.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Alitaka kusimama mahali alipopita kaka yake, ajue kama moyo wake utakubali kuishi. Jumanne baada ya Pasaka Klemen alikuwa anavuka mpaka kwenda kufundisha kwenye shule ya waongoza milima upande wa pili. Alikuwa amemwomba Zala waondoke pamoja.

Walipofika mguuni pa korongo walivua skii wakazifunga mgongoni, wakavaa meno ya chuma chini ya viatu. Klemen akatangulia, akipiga theluji kwa ncha ya kiatu, akitengeneza ngazi. Theluji ya alfajiri ilikuwa ngumu kama simenti. Zala aliweka mguu pale alipotoa yeye mguu, na alikuwa amepanda kitambo kirefu kabla ya kugundua kitu: Klemen alikuwa mrefu kama mlingoti, lakini ngazi zake zilikuwa fupi. Alikuwa anazikata kwa kipimo cha miguu ya Zala. Ina maana yeye mwenyewe alikuwa anapanda kwa shida, magoti yamejikunja, njia nzima, na hakuwa amesema neno.

Zala akasimama kidogo.

"Umechoka?" Klemen akauliza kutoka juu. "Nakusikia unavyohema, kama garimoshi la babu yangu."

"Ni wewe unayenipulizia theluji usoni."

"Basi pita mbele utengeneze njia wewe."

"Nimezaliwa kwa mkuu wa kikosi mimi. Sisi tunatengenezewa."

Alicheka, na kicheko chake kikagonga kuta zote mbili za mwamba kikarudi. Halafu wote wawili wakakumbuka wako wapi. Walikuwa wamefika kwenye kona ya kwanza. Ni pale alipokutwa Jaka. Zala akavua glavu akaweka kiganja juu ya theluji, akakiacha mpaka vidole vikafa ganzi. Klemen alisogea pembeni, akageuzia uso ukutani, akamwachia nafasi yake na kaka yake. Hakumharakisha ingawa muda ulikuwa unakwenda.

Juu, kwenye upenyo ulio chini ya Jino, walikaa wakisubiri theluji ilainike kidogo tu, kiasi cha skii kung'ata. Walikunywa chai ya majani ya mlimani iliyotiwa matone ya pombe kali, wakagawana kipande cha mkate wa kuviringisha wenye kokwa za jozi ndani, ambao Zala aliuiba jikoni kwa mama yake. Klemen akamsimulia kuhusu chumba alichokipata huko ng'ambo. Kilikuwa juu ya duka la mikate, kina jiko dogo na dirisha moja, na asubuhi harufu ya mikate inapanda mpaka kitandani. Alikisimulia kwa namna ambayo Zala aliona hata mahali atakapotundika taulo.

Alikuwa ameshaamua. Aliamua pale kwenye kona, kiganja chake kikiwa kwenye theluji. Hakupata jibu lolote kutoka kwa Jaka, ila hakupata katazo pia, na katika mwaka ule kukosa katazo kulikuwa kitu kikubwa. Akamgeukia.

"Usinijibu hapa," Klemen akamwahi, akamwekea kidole mdomoni. "Huku juu kila mtu anampenda kila mtu. Nijibu chini, ukiwa umekanyaga ardhi na una njaa."

Walishuka mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Zala alitangulia. Mgeuko wa kwanza wa skii ulimpandisha roho mpaka mdomoni, miguu ikipita hewani na mteremko ukimkimbia chini ya tumbo, kisha kingo za chuma zikashika na theluji ikatoa ule mlio mtamu wa kitambaa kinachochanwa. Akaruka tena, na tena. Alipofika chini ya mwamba uliojikunja kama paa, akajibanza, akainua fimbo yake kumwita. Klemen akaja, mweusi juu ya weupe, mwepesi kiasi kwamba ungesema mlima unambeba. Alipomfikia walikuwa wote wawili wanacheka bila sababu. Tangu Jaka afe, Zala hakuwa amecheka hivyo, kwa tumbo.

Walitoka korongoni wakati jua ndiyo kwanza linalamba Jino. Wakaenda nyuma ya lile jiwe kubwa, upande ule wenye joto, wakavua skii wakaketi wakiegemea mwamba. Zala alijua ni jiwe gani. Hakutaka kulijua kwa muda ule. Klemen alimvua kofia, akaziweka sawa nywele zake zilizojaa theluji, na akamtazama kwa yale macho yake ya kijivu ambayo siku zote yalikuwa kama yanaomba radhi. Wakabusiana. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko walivyodhani. Jua lilipanda, wakaona ni joto la miili yao.

"Sasa una njaa?" akamuuliza.

"Nina njaa."

"Umekanyaga ardhi?"

"Nimekanyaga."

Zala akafungua mdomo kumwambia ndiyo.

Vipande vidogo vya theluji, vya duara, vikaja vinaviringika kutoka upande wa pili wa jiwe, vikasimama karibu na viatu vyao. Kimoja, halafu vinne, halafu vingi. Klemen aliruka kabla Zala hajaelewa. Wakazunguka jiwe wakatazama juu. Ndani ya korongo, kwenye kona ya kwanza, alikuwepo mtu aliyevaa koti la rangi ya chungwa.

Alikuwa ameketi kwenye theluji kama mtu aliyeketi barazani kwake. Mbele yake alikuwa amechomeka mshumaa mwekundu wa makaburini, amekinga mikono kuuzuia upepo. Alipita upande ule mwingine wa jiwe, wao wakiwa huku wamefumba macho.

"Baba," Zala akasema, lakini sauti haikutoka.

Jua lilikuwa limeshalivuka Jino. Nusu nzima ya juu ya korongo ilikuwa inang'aa kama sahani iliyolowa. Zala hakuchukua shoka lake la barafu, hakuvaa hata kofia, akaanza kukimbia. Mkono wa Klemen ukamdaka juu ya kiwiko.

"Niache, Klemen. Huyo ni wangu."

Aliyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake, na akaona Klemen naye ameyasikia. Uso wa kijana yule ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi na maiti. Alitazama Jino. Alitazama koti la rangi ya chungwa. Halafu akamtazama Zala, ambaye machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kidevuni, na vidole vilivyomdaka vikalegea.

"Kaa hapa," akasema.

"Siwezi."

"Najua huwezi. Kaa hivyohivyo." Akavua redio yake akamvisha shingoni. "Korongo likiachia, bonyeza hapa, waambie tuko wapi. Usinifuate. Zala, niangalie. Usinifuate."

Akavaa meno ya chuma kwa haraka ambayo Zala hakuwahi kuiona, akaingia korongoni.

Zala alibaki kwenye jiwe. Mgongo wake ulikuwa umegusa mwamba uleule ambao mwaka jana wanaume wa kijiji waliuegemea, na shingoni mwake kulikuwa na redio. Aliomba. Aliomba kama mtoto, maneno yote bila mpangilio. Na katikati ya kuomba macho yake yakaona jambo ambalo hakuwa akilitafuta.

Ilikuwa karibu.

Mwaka mzima kichwani mwake kona ile ilikuwa mbali, mahali pa kufikiwa kwa kamba na watu wengi na saa nyingi. Alfajiri, gizani, nyuma ya Klemen, njia ilikuwa ndefu. Sasa kwenye mwanga aliiona yote. Klemen alipanda kwa hatua zake mwenyewe, zile ndefu, si zile alizomkatia yeye, na kabla Zala hajamaliza sala ya pili alikuwa ameshafika.

Wakazungumza kule juu. Alimwona baba yake akitikisa kichwa. Klemen akainama, akamshika bega, baba yake akautoa mkono ule. Ndipo Klemen alipofanya jambo ambalo Zala hakulitegemea: akaketi. Aliketi kwenye theluji kando ya mzee yule, chini ya jua lile, akakunja mikono juu ya magoti, kama anayesema basi tukae wote. Vipande vidogo vya theluji vikaendelea kuviringika kuwapita kulia na kushoto.

Mzee Lovro akamtazama kwa muda. Kisha akainuka.

Walishuka pamoja, mzee ameegemea bega la kijana kwa sababu ya goti lake bovu, wakaja polepole, polepole ya kuua mtu. Walipopita jiwe Zala alimrukia baba yake akamshika koti kwa mikono yote miwili, akawa anamtikisa, hajui kama anamkumbatia au anampiga.

"Nilitaka nikae naye zile saa," mzee alisema. "Basi. Mwaka jana alikaa peke yake. Nilitaka tu nikae naye."

Akakaa juu ya mkoba wake, akavua kofia, akalitazama korongo. Lilikuwa kimya. Mshumaa ulionekana kama tone la damu kwenye weupe. Walikaa wote watatu wakilitazama, wakisubiri lifanye lile ambalo lingeonyesha nani alikuwa na haki, na halikufanya.

"Limenyamaza," mzee alisema. "Kama siku ile."

Kisha akamgeukia Klemen. Mwaka mzima hakuwa amemtazama usoni. Akamnyooshea mkono, na Klemen akaupokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Kesho njoo ule na sisi," mzee alisema. Sauti ilimtoka kwa taabu. "Mama Zala ataongeza sahani. Nitamwambia mimi." Akamtazama na binti yake. "Na wewe, mwaka mzima unanililia ruhusa kwa macho tu. Haya, nimekupa. Umpende mbele ya watu sasa. Nimechoka kukusikia ukitoka kwa kunyata."

Akainuka, akaanza kushuka peke yake kuelekea kwenye miti ya milarisi, kusudi awaachie nafasi.

Hapo ndipo kila kitu Zala alichokuwa anakiomba kilipokuwa mkononi mwake. Klemen alimtazama akitabasamu, tabasamu la mtu ambaye haamini. Kisha akauona uso wake, na tabasamu likafifia lenyewe.

"Mbona leo uliingia?" Zala akamuuliza.

Klemen hakujifanya hakuelewa. Alikaa kwanza, akawa anafungua meno ya chuma, kamba moja moja.

"Leo nilikuwa peke yangu," akasema. "Mwaka jana nilikuwa na watu. Wana wake, wana watoto. Ningeingia mimi, wangenifuata wote, na baba yako wa kwanza."

"Ungewaambia wasikufuate. Ungemvisha mwingine redio. Kama ulivyonivisha mimi."

Klemen akafungua kamba nyingine. Maji yalikuwa yameanza kudondoka kutoka kwenye mwamba, tone baada ya tone.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ningeweza."

Zala alikuwa anategemea ajitetee. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno, isipokuwa hilo.

"Sikuliwaza," Klemen akaendelea. "Nakuapia, Zala. Siku ile niliwaza kila kitu, hilo halikunijia. Kiongozi haondoki kwenye jiwe, ndivyo alivyonifundisha mzee. Nilisimama hapa nikisikiliza kile kifaa, nikajiambia ninafanya alichonifundisha. Na nilichofanya kilikuwa sahihi. Ukiwauliza wote watakwambia hivyo."

"Leo umeliwaza mara moja."

"Leo ni wewe uliyekuwa unalia."

Alilisema kwa upendo. Zala alilijua hilo hata wakati neno lile linamwingia. Lilikuwa neno ambalo msichana yeyote angependa kuambiwa, na angelibeba maisha yake yote.

"Mwaka jana alikuwa Baba anayelia," akasema. "Alikuwa Baba."

Klemen akafunika uso kwa viganja. Zala akavua redio shingoni akaiweka kwenye skii zake, taratibu, kana kwamba inaweza kuvunjika. Alitaka kumshika nywele. Alitaka kuketi kando yake kama alivyoketi yeye kando ya baba. Mwili wake wote ulikuwa unataka, na hakuna kiungo kilichosogea.

"Kabla ya haya," Klemen akauliza ndani ya viganja, "pale ulipofungua mdomo. Ulikuwa unaniambia nini?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Akatikisa kichwa. Klemen hakuuona ule mtikiso, lakini kimya kilimfikia.

"Kama ningekuchukia ningekuwa nimeshapona," Zala akamwambia. "Sikuchukii. Ila nitaamka kila siku kwenye kile chumba, nisikie mikate inavyonukia, nikuangalie umelala, na nitakuuliza. Hata nisipofungua mdomo nitakuwa nakuuliza. Na wewe utakuwa unajibu vilevile, kwa sababu husemi uongo."

Alichukua skii zake akamfuata baba yake. Hakugeuka. Alijua akigeuka atarudi.

Alimkuta mzee kwenye milarisi, amesimama akimngoja, akichungulia nyuma yake kuona anayefuata. Alipoona hakuna anayefuata akafungua mdomo kuuliza, na hapohapo mlima ukanguruma.

Ardhi ilitikisika chini ya miguu yao. Korongo la Mhunzi liliachia lote, kutoka Jino mpaka chini, ukuta wa theluji nzito iliyolowa ukishuka kwa kishindo cha malori yanayomwaga mawe. Ulifunika kona ya kwanza, ukamwagikia mteremko wa chini, ukalizunguka lile jiwe kubwa pande zote mbili. Vumbi jeupe likapanda likafunika kila kitu. Zala aliangusha skii. Hakusikia alichopiga kelele, alisikia tu koo linachanika.

Vumbi lilikaa hewani kama halitaki kutua. Lilipotua, ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya korongo, upande wa barabara iendayo mpakani, walimwona mtu mdogo mweusi amesimama juu ya skii zake. Alikuwa ameondoka pale jiweni muda mfupi tu kabla. Alikuwa amesimama akilitazama korongo, kisha akawageukia wao.

Zala akakaa kwenye theluji akalia. Alishukuru, akalia, akashukuru tena. Baba yake aliinama kwa shida akamwekea mkono begani.

"Alikuwa sahihi," mzee alisema. "Leo aliponitoa, na siku ile aliposubiri. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kukubali. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, Baba."

"Basi muite. Sauti inafika pale. Muite, mwanangu."

Ng'ambo ya kijito Klemen hakuondoka. Alisimama muda mrefu kuliko mtu anavyosimama kupumzika, mikono imening'inia, uso umeelekea kwao, na hata kwa umbali ule Zala alijua macho yake yakoje. Alijua ingetosha kutamka jina lake mara moja, wala si kwa nguvu. Alivuta pumzi. Jina lilikuja likamkaa kwenye ulimi, zima, tamu, likakaa hapo.

Klemen alisubiri kidogo zaidi. Kisha akarekebisha mkoba mgongoni, akageuza ncha za skii kuelekea barabarani.

"Zala," baba yake akasema, kama anayeomba. "Mimi nimeshakuruhusu."

Zala akamshika mkono ule wa baridi uliokuwa begani mwake, akaukandamiza shavuni, macho yake yakimsindikiza yule mtu mweusi mpaka miti ilipomficha. Kutoka kijijini kengele ya kuwaita watu na vikapu vyao ilikuwa imeanza kulia, na hapakuwa tena na mtu wa kumkataza.